Mwalimu Efua Sutherland na Nyumba ya Hadithi



Katika mkutano uliopita kulikuwa maneno mingi. Vijana waliomba sehemu ya mchango isaidie kundi lao la teatre, wapate hangari ya mazoezi. Wazee kadhaa walikataa: mabati hayatoshi, mbegu hazitoshi, sasa mchezo ni wa nini? Neno hilo hatujalikata bado. Ndiyo maana mara hii tunasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa Ghana, Mama Efua Sutherland, aliyeshika kazi ya teatre tangu ujana hadi uzee.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1924 kule Cape Coast, mji wa pwani. Mama yake alikufa kijana sana, mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, basi nyanya yake akamlea. Alisoma kwa masista wa Kianglikana kule Mampong, akatoka mwalimu. Kisha akaenda Uingereza kuongeza masomo, Cambridge na London. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akarudi kwao, akaingia tena darasani.

Huko darasani ndiko aliona tatizo. Watoto walisoma vitabu, lakini vitabu vyenyewe vilieleza maisha ya Ulaya. Hadithi walizosikia usiku nyumbani hazikuwa na nafasi masomoni, kama vile ni kitu cha haya. Tangu mwaka wa 1951 akaanza kuandika kweli kweli. Pamoja na mume wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi, alisaidia pia kuanzisha masomo kule Tsito, upande wa Volta.

Ghana ilipata uhuru mwaka wa 1957. Mwaka uliofuata Mama Efua akaanzisha kundi la teatre kule Accra, na mwaka wa 1961 likafunguliwa jengo lao, Ghana Drama Studio. Halikujengwa kama sinema ya wazungu. Lilikuwa na kiwanja wazi katikati, kama ua wa nyumba za kwao.

Na michezo yenyewe aliitoa wapi? Kwa nyanya na wazee. Kwao kuna Ananse, buibui mwenye akili mingi, sawa na sungura wetu. Anayesimulia hasemi peke yake: wasikilizaji wanamkatiza kwa wimbo, wanacheza, halafu anaendelea. Mama Efua aliupeleka utaratibu huo jukwaani. Katika mchezo wake wa Ndoa ya Anansewa, Ananse anamwahidi binti yake kwa machifu wanne kwa wakati mmoja, anapokea zawadi za wote, mpaka anajifunga mwenyewe. (Wafadhili wetu msiogope, kasha letu halishikwi na Ananse!)

Mchezo mwingine, Foriwa, unatugusa sisi zaidi. Mji mmoja umelala, kila mwaka watu wanafanya sherehe ileile na hakuna kinachobadilika. Anafika kijana mgeni kutoka kaskazini, Labaran, hana nyumba, analala nje. Watu wanamtazama kwa mashaka. Lakini ni huyo mgeni anayeanza kuamsha mji, na mwishowe Foriwa, binti wa malkia, anamchagua awe mume wake. Sisi tuliorudi tukakuta watu wengine katika viwanja vyetu, na tukaitwa wageni kwetu wenyewe, tunajua mchezo huo unasema nini. Jambo kama hilo ukilisema mkutanoni, watu wanagombana. Likichezwa mbele yao, kwanza wanacheka, halafu wananyamaza, halafu wanazungumza.

Mama Efua hakubaki mjini na wasomi. Katika miaka ya 1960 alikwenda Ekumfi-Atwia, kijiji kidogo chenye wasimulizi wakubwa. Hakwenda kuwafundisha hadithi. Alikwenda kujifunza kwao. Hapo ikajengwa Kodzidan, maana yake nyumba ya hadithi, na wanakijiji wenyewe wakatia nguvu zao katika ujenzi. Sisi tungesema walifanya salongo. Msaada wa nje ulikuwepo katika kazi zake, hasa jengo la Accra, lakini kule Atwia nyumba ilikuwa ya kijiji.

Baadaye alifanya kazi chuo kikuu cha Legon mpaka mwaka wa 1984, na aliongoza tume ya taifa ya watoto. Ni yeye pia aliyetoa wazo la sikukuu ya PANAFEST, ya kuwakutanisha Waafrika na wajukuu wa wale waliochukuliwa utumwani. Hata uzeeni aliendelea kufikiria watu wanaorudi nyumbani.

Lakini alipata uchungu. Karibu mwaka wa 1990 lile jengo lake la Accra lilibomolewa, ili mahali pake pajengwe teatre kubwa ya taifa. Wengi wetu tunajua kutazama ukuta uliojenga ukiwa chini. Hata hivyo kazi yake haikuanguka na ukuta. Jengo la mfano uleule lilijengwa kule Legon, na michezo yake ilikuwa tayari vichwani mwa watu. Alifariki Accra tarehe 2 Januari 1996.

Wanachama, hatusemi mabati yaachwe. Mvua haingoji. Tunasema tu kwamba tulipokimbia, nyumba hatukuibeba, hadithi tuliibeba. Vijana waliozaliwa kambini wameijua nchi hii kwanza kwa mdomo wa nyanya zao. Wakiomba mahali pa kuionyesha, tusijibu haraka. Mkutano ujao tuje na jibu, na mwenye miti au nguvu za mikono aje nazo pia.