Mtakatifu Bakhita na Jina la Bahati

Vijana wa Mbulu na Hanang mnaodhani mmekwisha kuandikiwa yote, mtazameni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa mara kadhaa. Hata jina lake, lenye maana ya mwenye bahati, alipewa na watekaji. Bahati gani hiyo! Katika hayo hakuchagua lolote. Lakini huko Venice, Italia, mwanamke aliyemmiliki alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita, aliyekuwa akifundishwa dini na Masista Wakanosiani, alikataa kuondoka. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 akatangazwa kuwa mtu huru. Sasa aliweza kuamua mwenyewe aishi wapi. Akabaki. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa sista, akafariki Schio mwaka 1947, baada ya miaka mingi ya kupika, kushona na kuwafungulia watu mlango wa konventi.