Alikatazwa kuchora, lakini ni michoro yake iliyofungua siri ya ubongo

Unamjua yule nzi mdogo anayezunguka ndizi zikiiva kupita kiasi jikoni? Oktoba 2024, wanasayansi walitoa ramani kamili ya ubongo wake: seli za neva karibu 140,000 na miunganisho zaidi ya milioni 50. Kazi hiyo ilihitaji kompyuta kali na mamia ya watu. Lakini ukifuata stori hii hadi mwanzo, unakutana na kijana mtundu wa Uhispania ambaye mzee wake alikuwa karibu kukata tamaa naye.

Jina lake ni Santiago Ramón y Cajal. Alizaliwa Mei 1, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón. Babake, Justo, alitoka kwa umaskini akajisomesha mpaka akawa daktari, na alitaka kijana wake afuate njia hiyo hiyo. Santiago naye alitaka kuchora tu. Karatasi zikiisha, anachora kwa kuta na milango ya watu. Mzee aliona huo ni upuzi mtupu, akakataza.

Shuleni mambo yalikuwa noma. Alichapwa na kufungiwa, lakini wapi. Akiwa na miaka 11 alijitengenezea mzinga, akaulipua na kuvunja lango la jirani. Alilala jela siku kadhaa. Kuona hivyo, mzee akampeleka kwa kinyozi ajifunze kazi, halafu kwa fundi wa viatu.

Mwaka wa 1868 Justo akabadilisha mbinu. Alimpeleka kijana makaburini kutafuta mifupa ya watu ili amfundishe jinsi mwili ulivyoundwa. Santiago alianza kuichora mifupa ile, na kwa mara ya kwanza kile mzee alichotaka na kile kijana alichopenda vikakutana mezani.

Alimaliza masomo ya udaktari mwaka wa 1873. Jeshi likamtuma Cuba, malaria ikamkamata vibaya, akarudi nyumbani amebaki mifupa. Pesa alizolipwa na jeshi alizitumia kununua hadubini.

Wakati huo, wasomi wengi waliamini ubongo ni wavu mmoja, nyuzi zote zimeshikana bila mwanzo wala mwisho. Shida ni kwamba hakuna aliyeweza kuona vizuri. Ukiweka kipande cha ubongo chini ya hadubini, unaona msitu uliosongamana. Mwitaliano Camillo Golgi ndiye aliyepata dawa: chumvi ya madini ya fedha ambayo hugeuza seli chache tu kuwa nyeusi tii na kuacha zingine zote bila rangi. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1873, lakini watu wengi hawakuichangamkia.

Cajal aliiona mwaka wa 1887, na hapo akawasha moto. Alitumia ujanja mmoja: badala ya ubongo wa wanyama wazima, alichukua wa vifaranga na wanyama ambao hawajazaliwa. Kwao msitu bado ni miche, na nyuzi hazijafunikwa mafuta. Aliangalia, akachora, akaangalia tena. Akaona kila seli inasimama peke yake. Zinakaribiana na kupeana ujumbe, lakini hazijaungana.

Mwaka wa 1888, akiwa Barcelona, alichapisha matokeo katika jarida alilolianzisha mwenyewe kwa pesa za mfukoni. Nani angelisoma? Mwaka uliofuata akafunga safari hadi Berlin na hadubini yake, akawaita wakubwa waje waone kwa macho yao. Albert von Kölliker, jina kubwa enzi hizo, aliangalia na kukubali.

Mwaka wa 1906, Cajal na Golgi walipewa tuzo ya Nobel pamoja. Cha kushangaza, Golgi alisimama pale pale akatetea ile nadharia ya wavu. Alitengeneza chombo, mwingine akaona kilichokuwa ndani. Miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilionyesha ile nafasi ndogo kati ya seli na seli. Cajal alikuwa sahihi.

Hakuishi kuona hayo. Alifariki Madrid Oktoba 17, 1934. Lakini mwaka wa 1915, akiwa na Domingo Sánchez, alikuwa ameshachapisha michoro ya neva za macho ya wadudu, nzi wakiwemo. Waliochora ramani ya 2024 walipita njia aliyoianza yeye na kalamu.

Ukiuliza kati ya Justo na kijana wake nani alishinda ule ugomvi, jibu si rahisi. Bila mifupa ya mzee, Santiago hangeingia maabara. Bila ule uchoraji uliokatazwa, angeingia na asione chochote.