TEDDY WAKELAM: JAMAA ALIYETANGAZA MPIRA KWA AJILI YA KIPOFU

Mashabiki wa Arsenal mpo? Na nyie wa Man U msikimbie, hii inamhusu kila mtu aliyewahi kubandika sikio kwenye redio dakika ya 89 huku moyo unadunda.

Kuna jamaa mmoja alikuwa anaitwa Henry Blythe Thornhill Wakelam. Jina refu kama treni, kwa hiyo watu wakamwita Teddy tu, basi. Alizaliwa 1893 na kufariki 1963. Enzi zake Uingereza nzima ilikuwa inaijua sauti yake, ila vijana wa leo wengi hata jina hawajalisikia. Huyu ndiye aliyetangaza mechi ya kwanza ya Ligi ya England kurushwa moja kwa moja redioni.

Cha kuchekesha ni kwamba Teddy hakuwa mtu wa soka. Alikuwa mchezaji wa raga wa klabu ya Harlequins ya London. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza, akarudi uraiani, akawa na shughuli zake nyingine kabisa. Utangazaji hakuusomea popote. Na angeusomea wapi, wakati kazi yenyewe kwao ilikuwa bado haijaanza?

Hapo lazima tuelewane kidogo. Marekani walishatangulia, maana kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza besiboli tangu 1921. Uingereza mambo yalikuwa magumu kwa sababu ya magazeti. Wenye magazeti waliona redio itawaharibia biashara, wakabana kwelikweli. Taarifa ya habari ilikuwa hairuhusiwi kusomwa kabla ya saa 1 jioni, na michezo ndiyo kabisaa. Mwaka 1926 BBC walikwenda kwenye mbio za farasi za Derby wakaruhusiwa kurusha sauti za pale uwanjani tu, bila mtangazaji kueleza nani anaongoza. Yaani msikilizaji akae asikilize kwato! Mbaya zaidi siku hiyo mvua ikanyesha, na kwato zenyewe hazikusikika vizuri. Aibu tupu.

Januari 1, 1927 BBC ikawa shirika la umma, na masharti yakalegezwa. Bosi mmoja wa vipindi anaitwa Lance Sieveking akaanza kutafuta mtu wa kutangaza. Akampigia simu Teddy, akamuuliza kama ni yeye yule aliyekuwa anacheza Harlequins. Akafanyiwa majaribio, akapita. Januari 15, 1927, siku chache tu baadaye, akapelekwa Twickenham kwenye raga, England na Wales. Alikaa kwenye kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya mabomba, na mbele yake wameweka karatasi ya kumkumbusha asitukane. Si mnajua tena, mchezaji wa zamani akiona mwenzake anakosa nafasi ya wazi, neno linaweza kumponyoka!

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Sieveking alimleta kipofu mmoja aliyekuwa anapenda raga, akamkalisha pale pale mbele ya kibanda. Akamwambia Teddy asiwafikirie maelfu ya watu asiowajua, amweleze mchezo huyo mmoja tu. Teddy akafanya hivyo. Mpira uko wapi, nani anao, anaelekea upande gani, wamebaki wangapi mbele yake. England wakashinda 11-9.

Wiki moja baadaye, Januari 22, ikaja zamu ya soka. Arsenal na Sheffield United, uwanja wa Highbury, ule ambao Arsenal waliuhama 2006 na sasa umekuwa nyumba za kuishi watu. Ili msikilizaji asipotee, gazeti la vipindi la BBC, Radio Times, lilichapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa miraba 8 yenye namba. Unaiweka mezani, unafungua redio. Teddy anaeleza mchezo, na mwenzake C. A. Lewis, rubani wa zamani wa vita, kazi yake ni kutaja namba ya mraba ambao mpira upo. Unafuata kwa kidole. Ni kama kuangalia mechi kwenye karatasi! Charlie Buchan akaifungia Arsenal, Sheffield wakarudisha, ikaisha 1-1.

Baada ya hapo Teddy akawa mtu wa kila mchezo: raga, tenisi ya Wimbledon, kriketi. Mwaka 1938 alikuwepo tena kwenye historia, safari hii kwenye televisheni, mechi ya kwanza ya Test ya kriketi kuonyeshwa, England na Australia pale Lord's. Mwaka huohuo akatoa kitabu cha maisha yake ya maikrofoni.

Msidhani lakini kila mtu alifurahi. Wenye klabu walianza kulalamika kwamba watu watabaki nyumbani na redio zao, viingilio vitashuka. Mwaka 1931 Ligi ya England ikapiga marufuku mechi zake kutangazwa moja kwa moja. Ugomvi ule ule wa haki za matangazo tunaousikia leo, ila siku hizi unamalizwa kwa mabilioni. Na aliyeumia wakati ule ni nani? Si mwenye hela ya tiketi. Ni mgonjwa aliyelala kitandani, ni mtu anayekaa mbali na uwanja, ni yule kipofu.

Ndiyo maana mimi naona habari ya Teddy si ya kizamani. Miraba ilikufa zamani, lakini watangazaji wetu walikuwa na yao: goli la kaskazini, goli la kusini, upande wa jukwaa kuu. Mtu yuko kijijini hajawahi kuuona Uwanja wa Taifa lakini anajua kabisa mpira unatokea wapi. Siku hizi unafungua redio, watu wawili wanapiga stori za usajili na kutaja wadhamini, mara unasikia kelele za goli. Nani kapiga? Kutokea wapi? Hujui mpaka waje kukusimulia. Wanatangaza kama vile sote tuko mbele ya TV. Jamani, aliye na TV hahitaji redio! Anayewategemea ni dereva, mlinzi wa usiku, mama aliye jikoni, na mtu asiyeona. Ukimsahau huyo, bora ukae kimya tusikilize kelele za mashabiki, kama zile kwato za 1926.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mtangazaji gani wa mpira, wa zamani au wa sasa, anakufanya uuone uwanja mzima ukiwa umefumba macho? Na nani anakuchosha? Mtajeni wa kwanza kwa jina, wa pili tumuhifadhi. Matusi hapana, kumbukeni ile karatasi ya Teddy.