Wasifu: Heinrich Hertz (1857–1894)

Mtahiniwa, kila unapoandika Hz mwishoni mwa hesabu ya mawimbi, unaandika jina la mtu. (H iwe kubwa na z iwe ndogo, ukiandika hz umekosea.) Heinrich Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 22 Februari 1857. Alisoma Munich, kisha Berlin chini ya Hermann von Helmholtz, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1880. Mwaka 1885 akawa profesa huko Karlsruhe.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mskochi James Clerk Maxwell alikuwa ameonyesha kwa hesabu tu kwamba umeme na sumaku husafiri pamoja kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Alifariki mwaka 1879 kabla mtu yeyote hajayathibitisha. Kati ya 1886 na 1888, Hertz alirusha cheche za umeme kati ya vipande viwili vya metali. Mbali kidogo akaweka kitanzi cha waya chenye mwanya mwembamba sana. Kitanzi hakikuwa na betri, wala hakikuunganishwa na chochote, lakini katika mwanya wake ikatokea cheche hafifu, ya kuonekana gizani tu. Nishati ilikuwa imepita hewani! Baadaye aliyaakisi mawimbi hayo kwa bati la zinki, akapima urefu wake, akayapindisha kwa mche mkubwa wa lami.

Kielewe vizuri kitanzi kile. Kadi ya kugusa inayofungua mlango nayo haina betri. Ndani yake mna koili na chipu: kisomaji kinatuma nishati, koili inaipokea, chipu inaamka na kutaja namba yake. Kadi nyingi za namna hiyo hutumia 13,560,000 Hz. Gawanya 300,000,000 kwa namba hiyo, upate urefu wa wimbi wa mita 22 hivi, kupita darasa lako. Watafiti wa vyuo vikuu wanaounda vihisio visivyo na waya wala betri bado wanahangaika na swali lilelile: je, nishati itakayofika itatosha?

Hertz mwenyewe hakuona matumizi ya ugunduzi wake. Alihamia Bonn mwaka 1889, akaugua, akafariki tarehe 1 Januari 1894 akiwa na miaka 36, akimwacha mkewe Elisabeth na mabinti wawili. Mwaka 1930 jina lake likapewa kipimo. Miaka michache baadaye Wanazi waliiondoa picha yake katika jengo la halmashauri ya jiji la Hamburg, kwa kuwa ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi. Elisabeth na mabinti zake wakahamia Uingereza.