SHAABAN ROBERT: MWANDISHI ALIYEJIBU BARUA



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, tulipowapeleka vijana Mwitongo, Butiama, kuzuru makumbusho ya Mwalimu Nyerere, tulizungumza juu ya vitabu alivyotafsiri, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Njiani kurudi binti mmoja akaniuliza: Ustadh, mtu akikipenda kitabu anaweza kumwandikia aliyekitunga, naye akamjibu? Nikasema anaweza. Akafurahi, akasema basi atamwandikia Shaaban Robert, kwa kuwa amesoma Kusadikika. Nikanyamaza kidogo. Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962. Nimeona nimjibu binti yetu katika kurasa hizi.

Marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Jina la Robert huwababaisha wengi, lakini alikuwa Mwislamu, na uislamu wake unaonekana katika tungo zake. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, miaka mingi akiwa Pangani. Baadaye alikwenda Mpwapwa, na tangu 1946 akawa Tanga katika ofisi za serikali. Hakuwa mtu wa mali. Mchana alikuwa karani wa wakoloni, na utunzi aliufanya katika saa zilizobaki.

Zama hizo gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji. Mtu akitoa shairi lake, mwenzake wa mji mwingine humjibu kwa shairi, na pengine wawili hao hawajaonana hata siku moja. Shaaban Robert naye alikuwa akipeleka tungo zake humo. Kwa hiyo ile hamu ya kumwandikia mtunzi usiyemjua na kungoja jibu si jambo geni kwetu. Babu zetu waliifanya kwa vina na mizani.

Mtu aliyepata barua zake kwa wingi ni mdogo wake, Yusuf Ulenge. Kuanzia 1931 hadi 1958 Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake huyu, na Yusuf hakuzitupa. Hebu fikirini, nyumba ngapi zinatunza karatasi kwa miaka ishirini na saba, zisiliwe na mchwa wala zisifungiwe maandazi? Yusuf naye akawa mwandishi. Hadithi zake, Nguzo ya Maji, zilitoka 1951, mwaka ule ule wa Kusadikika. Barua zile zilihaririwa na Profesa Mugyabuso Mulokozi, zikachapishwa 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwandishi alikuwa ameshalala kaburini miaka arobaini.

Watoto wake pia aliwaandikia. Mkewe Amina alipofariki, alibaki na malezi ya watoto. Binti yake Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili. Mimi nina watoto wawili na ninafundisha wa watu wengine zaidi ya hamsini, lakini sijapata kumwandikia hata mmoja wao ukurasa mzima.

Sasa lipo jambo ambalo wanaompenda hawalikumbuki sana. Huyu aliyejibu wenzake, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kungoja majibu. Hapa nyumbani wachapishaji walikuwa haba, na vitabu vyake vingi vilichapwa mbali: Kusadikika na kampuni ya Nelson ya Uingereza, Pambo la Lugha na Marudi Mema huko Johannesburg, Afrika Kusini. Mswada ulisafiri kwa posta baharini, na mtunzi akabaki Tanga akiangalia miezi ikipita. Kufikirika alikiandika 1946, kikatoka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka 1967 pia. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Vyote hivi hakuviona. Alizikwa Machui, Tanga, na vitabu ambavyo leo vinasomwa shuleni vilikuwa bado ni karatasi tu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Binti yetu nilipomweleza haya hakukata tamaa, akataka mwandishi aliye hai. Nimemtajia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021 na anayeishi Uingereza. Riwaya yake Peponi imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikachapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Anwani ya nyumbani kwa mwandishi haihitajiki. Barua hupelekwa kwa mchapishaji, nje ya bahasha likaandikwa jina la mwandishi, nao humfikishia.

Ameshaandika kurasa mbili kwa kalamu ya wino. Nimemwambia apunguze sifa na aongeze maswali, kisha nyuma ya bahasha aweke sanduku la posta la madrasa.