Adrian Atiman, Tabibu na Katekista wa Karema

Waamini wengi humjua Mtakatifu Luka, msimamizi wa matabibu, ambaye sikukuu yake twaiadhimisha tarehe 18 Oktoba. Ni wachache wanaojua kwamba nchi yetu nayo ilipata tabibu aliyewatumikia wagonjwa kwa miaka 67 mahali pamoja. Huyo ni Adrian Atiman. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini maisha yake yana mengi ya kutufundisha, hasa baada ya yale tuliyoyapitia wakati wa korona.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, waliojulikana pia kama Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha, naye akabatizwa.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lililowashangaza wengi wakati huo: Waafrika wasomeshwe utabibu, kisha warudi kuishi miongoni mwa Waafrika wenzao wakiwa na familia zao, wakitibu na kufundisha dini. Atiman akapelekwa Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, akahitimu masomo ya utabibu mwaka 1888. Mwaka huohuo akaanza safari ya Afrika Mashariki, akatembea kwa miguu na msafara kutoka pwani, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hiyo ilikuwa kabla ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu kufungua misheni ya Kilema, hapa kwetu mlimani.

Huko alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu, na mwana wao Yosefu akawa padre. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa akawa baba wa familia na mlezi wa jamii nzima.

Miaka yake Karema haikuwa ya raha. Ndui ilikuwa tishio, malale yaliziandama kingo za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mafua makali ya mwaka 1918 yakaenea Afrika Mashariki vita vikiwa vinamalizika. Dawa tunazozitegemea leo hazikuwepo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Atiman alifanya kazi bila viuavijasumu, kwa dawa chache zilizofika kutoka mbali na kwa mitishamba aliyojifunza kwa wenyeji. Alipofariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, alikuwa amepewa nishani za Kanisa na za serikali ya kikoloni. Kwa watu wa Karema, heshima yake kubwa zaidi ilikuwa kwamba hakuondoka.

Hapa Mabogini tunaelewa maana ya jambo hilo. Tunaishi tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Maji yanayotupa chakula ndiyo yanayozaa mbu wa malaria, kwa hiyo zahanati si mahali pa kukumbuka siku ya dharura tu. Korona ilipotangazwa kuingia nchini, Machi 2020, matabibu na wauguzi walikuwa binadamu wenye hofu kama sisi. Walikuwa na watoto nyumbani na wazazi wazee. Hata hivyo waliamka wakaenda kazini, kuwahudumia wagonjwa ambao ugonjwa wao wenyewe walikuwa ndio kwanza wanajifunza kuutibu. Nasi, badala ya kuwashukuru, mara nyingine tuliwakwepa njiani kana kwamba wao ndio ugonjwa.

Kuna jambo jingine tusilopaswa kulinyamazia. Wapo kati yetu wanaodhani kwamba kumpeleka mgonjwa hospitali ni kupungukiwa imani, wakakawia na maombi hadi hali ikaharibika. Atiman alikuwa katekista na tabibu kwa wakati mmoja. Kwake sala na dawa hazikushindana: alifundisha Injili, na alifunga vidonda. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha vivyo hivyo: tumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa hutoka katika ardhi aliyoiumba Bwana. Mgonjwa na asali, na apakwe mafuta matakatifu, na apelekwe hospitali mapema.

Basi, katika jumuiya zetu ndogondogo, tuwakumbuke wahudumu wa afya si tarehe 11 Februari pekee, Siku ya Wagonjwa Duniani. Tumtembelee muuguzi aliyefiwa, tumsikilize tabibu aliyechoka bila kumlaumu kwa kila kifo, na tuwatie moyo vijana wetu wanaosomea kazi hiyo kwamba ni wito. Na kila mmoja wetu amwombe Mungu neema ile aliyomjalia Adrian Atiman: kubaki karibu na mgonjwa, hata pale ambapo dawa imekwisha na kilichosalia ni kumshika mkono.