Dom Pérignon, Mtunza Ghala Mwaminifu

Divai ya Champagne yajulikana ulimwenguni kote. Hutengenezwa Ufaransa, katika nchi yenye jina hilo hilo. Chupa yake ifunguliwapo, kizibo huruka na povu hufurika. Watu wengi husema aliyeibuni ni mtawa mmoja, Dom Pérignon. Basi tuyatazame maisha yake, tuone kama sifa hiyo ni yake kweli.

Pierre Pérignon alizaliwa mwaka 1638 katika mji wa Sainte-Menehould. Angali kijana, aliingia utawa wa Mtakatifu Benedikto huko Verdun. “Dom” ni neno la heshima waitwalo watawa hao. Mwaka 1668 alipelekwa kwenye monasteri ya Hautvillers, kilimani juu ya mto Marne, akakabidhiwa kazi ya mtunza ghala. Chakula, fedha na mashamba ya nyumba vilikuwa mikononi mwake. Nayo Kanuni ya Mtakatifu Benedikto humwagiza mtunza ghala avitunze vyombo vyote vya monasteri kama vile vitakatifu vya altare. Kazi hiyo Pérignon aliifanya miaka 47, mpaka kufa kwake.

Monasteri ilipata riziki kwa mizabibu yake. Kwa hiyo mtunza ghala aliikata matawi pasipo huruma, ili izae kidogo lakini vema. Zabibu zilichumwa asubuhi kabla ya jua kali, na zilizopondeka zilitengwa. Zilikamuliwa upesi na kwa upole. Hivyo zabibu nyeusi zikatoa divai nyeupe, kwa maana weusi umo katika ganda, si katika maji yake. Tena alichanganya zabibu za mashamba mbalimbali kabla ya kuzitia shinikizoni, ili kila shamba lifidie upungufu wa jingine.

Na povu je? Champagne ni nchi ya baridi. Baridi ikizidi, divai huacha kuchachuka kabla haijamaliza sukari yake. Ikiisha kutiwa katika chupa, joto likirudi, huchachuka tena, na hewa inayotokea humo haina njia ya kutoka. Siku zile chupa nyingi zilipasuka ghalani. Kwa Pérignon povu lilikuwa hasara, alijitahidi kulizuia. Wala hakuwa wa kwanza kulijua: mwaka 1662, miaka sita kabla hajafika Hautvillers, Mwingereza Christopher Merret alikwisha kuwaeleza wataalamu wa London jinsi wauza divai walivyotia sukari ili divai itoe povu.

Pérignon alifariki mwaka 1715, akazikwa katika kanisa la Hautvillers. Baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatawanya watawa. Mwaka 1821 mmoja wao, Dom Grossard, akiwa mzee, aliandika barua akidai kwamba Pérignon ndiye aliyevumbua divai ya povu. Pengine alitaka kuitetea heshima ya nyumba yake iliyovunjwa. Wafanyabiashara waliipokea habari hiyo kwa furaha, na tangu mwaka 1936 jina la mtawa huyu aliyeahidi ufukara limeuzwa juu ya chupa za bei kubwa.

Siku hizi watengenezaji wa Champagne hulitafuta povu kwa makusudi. Hutia sukari na chachu katika divai, wakaifunga ndani ya chupa nene. Haiuzwi kabla ya miezi 15 tangu kutiwa chupani. Kisha chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo, hata sira zikusanyike shingoni na kutolewa. Lakini kwanza huchanganya divai za mashamba mbalimbali, na katika hilo wangali wakifuata njia ya mtunza ghala wa Hautvillers.

Ndugu wasomaji, kumsifu mtu kwa jambo asilolitenda si kumheshimu. Ni kuficha lile alilolitenda. Pérignon hakubuni povu. Alipewa kazi isiyo na fahari, akaitenda vema kila mavuno, miaka 47, kwa ajili ya ndugu zake na Mungu wake. Sifa hiyo ni yake halisi, nayo yamtosha.